Kanisa la Sant Climent, Taüll

Kanisa la Sant Climent limesimama pembezoni mwa kijiji cha Taüll, katika bonde la Boí, kwenye milima ya Pirenei upande wa Katalonia, kaskazini mashariki mwa Hispania. Kijiji kiko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na wakazi wake ni mia chache tu. Kanisa lenyewe si kubwa: ukumbi wenye njia tatu, nguzo nene za mawe, paa la mbao, na mnara mmoja mrefu wa kengele. Hata hivyo ni vigumu kukuta kitabu kinachosimulia historia ya sanaa ya Ulaya ya zama za kati kikalipita bila kulitaja.

Limejengwa kwa mtindo wa Kiromaneski, uliotawala ujenzi wa makanisa Ulaya magharibi kuanzia takriban mwaka 1000 hadi mtindo wa Kigothi ulipouondoa polepole katika karne ya 12 na ya 13. Tao la nusu duara, ukuta mnene na dirisha dogo ndivyo vitu vinavyoutambulisha kwa haraka. Mtindo huu una makanisa yake makubwa mijini na kwenye njia za mahujaji, lakini mengi yaliyobaki bila kuguswa sana ni ya vijijini. Sababu si kwamba wanavijiji walithamini zaidi mambo ya kale. Mji ukipata fedha hubomoa kanisa la zamani na kujenga jipya. Kijiji kisichopata fedha hukaa na lile lile.

Umri wa Sant Climent unajulikana kwa uhakika ambao makanisa mengi ya vijijini ya enzi hiyo hayana. Kwenye nguzo mojawapo ndani ya kanisa yalipakwa kwa rangi maandishi ya Kilatini yanayoeleza kwamba mwaka 1123, siku inayolingana na tarehe 10 Desemba, alifika Ramon, askofu wa Barbastro, akalitabaruku kanisa hili kwa heshima ya Mtakatifu Klementi mfiadini, na kuweka ndani ya altare masalia ya Mtakatifu Korneli, askofu na mfiadini. Kesho yake, tarehe 11 Desemba, askofu huyo huyo alitabaruku kanisa la pili, Santa Maria, lililo katikati ya kijiji hicho hicho, mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Makanisa mawili kwa siku mbili, katika kijiji cha wafugaji na wakulima wa mlimani, ni jambo linalohitaji maelezo. Idadi ya waumini haitoshi kulieleza. Maelezo yako kwenye fedha na kwenye ugomvi wa mipaka.

Fedha zilitoka vitani. Wenye bonde walikuwa mabwana wa ukoo wa Erill, ambao kijiji chao cha asili, Erill la Vall, kiko ng'ambo ya mto, kikionekana kutoka Taüll na Boí. Mwanzoni mwa karne ya 12 walipigana chini ya Alfonso wa Kwanza, mfalme wa Aragon, aliyekuwa akisukuma mpaka wake kusini dhidi ya watawala Waislamu. Ushindi mkubwa ulikuja mwaka 1118, Zaragoza ilipoanguka. Nyara na malipo ya vita hivyo vilipanda hadi mabonde ya juu ya Pirenei, na katika bonde la Boí vikageuka mawe na chokaa. Katika miaka hiyo makanisa ya bonde yalijengwa upya au kupanuliwa moja baada ya jingine, na chini ya Sant Climent yenyewe kuna mabaki ya jengo dogo la karne ya 11.

Ugomvi ulikuwa wa maaskofu. Bonde lilikuwa mahali ambapo madai ya jimbo la Urgell upande wa mashariki yaligongana na ya jimbo la Roda upande wa magharibi. Ramon alikuwa askofu wa Roda na Barbastro, mtu wa karibu wa mfalme Alfonso, lakini mwaka 1116 askofu wa Huesca, Esteban, alimfukuza kutoka Barbastro, naye akalazimika kurudi Roda mlimani. Ukirejea maandishi ya kwenye nguzo utaona kinachovutia: miaka saba baada ya kufukuzwa, Ramon bado anatajwa pale kuwa ni askofu wa Barbastro. Kutabaruku kanisa lilikuwa tendo la ibada, na papo hapo lilikuwa tangazo la mamlaka. Aliyebariki altare ndiye aliyedai parokia. Kwa hiyo safari ya siku mbili ya Desemba, wakati theluji tayari imeshafunga njia nyingi za milima hiyo, haikuwa matembezi ya kichungaji tu.

Waashi walijenga kwa namna iliyokuwa imekwisha kuzeeka. Karne moja kabla yake mafundi kutoka Lombardia, kaskazini mwa Italia, au waliofunzwa nao, walikuwa wameeneza Katalonia nzima namna ya kujenga kwa mawe madogo yaliyochongwa kidogo tu kwa nyundo na kupangwa kwa safu, na ya kupamba ukuta wa nje kwa vijitao vidogo vilivyofungwa, vinavyofuatana chini ya ukingo wa paa na kuunganishwa na vijinguzo bapa vinavyoshuka ukutani. Mbunifu majengo na mwanahistoria Josep Puig i Cadafalch, ambaye jina lake litarudi hapa chini, alikiita kipindi hicho sanaa ya kwanza ya Kiromaneski, katika kitabu chake cha mwaka 1928. Kufikia 1123 watu wa mijini walikuwa wameshahamia kwingine. Huko Toulouse, altare ya kanisa la Saint-Sernin ilikuwa imetabarukiwa tangu 1096, na wachongaji walikuwa wakijaza vichwa vya nguzo kwa wanyama, majani na visa vya Biblia. Taüll hakuna hata kichwa kimoja cha nguzo kilichochongwa hivyo. Nguzo ni mviringo wa mawe uliopandishwa safu juu ya safu, na mwisho wake ni mkanda wa kawaida wa jiwe ambapo tao linaanzia. Kuona hapo ushamba ni kukosea. Mafundi wa bonde walikuwa wanaijua kazi yao barabara, na jiwe lililokuwa karibu, granito ngumu ya mlimani, halikubali nakshi nyembamba.

Ramani ya jengo ni ile ya basilika ya kale. Safu mbili za nguzo zinaugawa ukumbi katika njia tatu, ya kati ikiwa pana na ndefu kwa kimo kuliko za pembeni. Upande wa mashariki kila njia inaishia kwenye ukuta uliojipinda nusu duara, sehemu inayoitwa apsi, na altare kuu iko kwenye apsi ya kati. Apsi tatu zikitazamwa kutoka nje, kubwa katikati na ndogo mbili pembeni, zimevikwa ule ushanga wa vijitao vya Kilombardi.

Paa ni la mbao, limeinama pande mbili na kufunikwa kwa vipande vya jiwe la sleti. Hilo nalo lina maana yake. Makanisa mengi ya Kiromaneski yalifunikwa kwa dari la mawe la umbo la tao refu, ambalo haliungui kwa urahisi na lina mwangwi mzuri wa nyimbo. Lakini dari la mawe husukuma kuta kwenda nje usiku na mchana, na ili zisifunguke ni lazima ziwe nene sana na zenye madirisha machache. Mbao hazisukumi hivyo. Kwa kuchagua mbao, waashi wa Taüll waliweza kuweka nguzo mbali mbali, na ukumbi ukawa mpana na wazi kuliko mtu anavyotarajia akiwa nje. Hasara yake ni kwamba mbao huoza na kuungua, na paa la juu ya Sant Climent limebadilishwa mara nyingi tangu siku ya Ramon.

Mnara umesimama kwenye kona ya kusini mashariki, karibu kabisa kutengana na kanisa, na una ghorofa sita juu ya kitako chake cha mraba. Waashi waliufanya uonekane mwepesi kadiri unavyopanda. Chini ukuta ni mzima. Juu yake matundu yanafunguka, membamba kwanza, kisha madirisha ya matao mawili au matatu yaliyotenganishwa na kinguzo chembamba, na kila ghorofa inafungwa na safu ya vijitao na mkanda wa mawe yaliyopangwa kama meno ya msumeno. Kengele ingehitaji mnara mfupi zaidi ya huo. Lakini katika bonde hili karibu kila kijiji kina mnara wa aina hiyo: Erill la Vall, Boí, Barruera, Durro. Minara kadhaa inaonana, na wenyeji husimulia kwamba ilitumika kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji. Kupashana habari au la, ilitangaza tangu mbali kwamba bonde lina mwenyewe.

Ndani, kuta za mawe haya hazikukusudiwa kuonekana. Mgeni wa leo anayesifu uzuri wa jiwe tupu anasifu kitu ambacho watu wa 1123 wangekiona ni kazi ambayo haijakwisha. Ukuta ulipigwa lipu ya chokaa, na juu ya lipu kanisa lilipakwa picha. Zilizokuwa kwenye apsi ya kati ni kati ya kazi kuu za karne ya 12 popote zilipo. Jina la mchoraji halikuandikwa. Vitabu humwita tu Bwana wa Taüll. Baadhi ya wataalamu wanauona mkono wake pia katika picha za kanisa la Roda de Isábena, kiti cha askofu Ramon, jambo ambalo lingeeleza jinsi mchoraji wa kiwango hicho alivyofika kijijini.

Kazi ilianza kwa lipu mbichi. Rangi ya maji ikipakwa kwenye chokaa ambayo haijakauka hunywewa na ukuta na kuwa sehemu yake, namna inayoitwa fresko. Vipengele vya mwisho viliongezwa baada ya ukuta kukauka. Rangi nyingi zilitokana na udongo na madini ya chuma, na buluu ilitoka kwenye aerinaiti, jiwe linalopatikana katika milima hiyo hiyo ya Pirenei. Buluu hiyo ndiyo iliyopaka anga nyuma ya Kristo. Katika nchi nyingine za Ulaya buluu ya namna hiyo iliagizwa kutoka mbali na kulipiwa kwa dhahabu, lakini wachoraji wa makanisa ya Pirenei waliichimba karibu na nyumbani.

Katikati ya kuba la apsi ameketi Kristo mtawala wa yote, ndani ya fremu ndefu yenye umbo la lozi. Nyayo zake, zilizo wazi, zimewekwa juu ya nusu tufe, maana yake dunia. Mkono wa kulia umeinuliwa kubariki, na mkono wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa chenye maneno ya Kilatini yanayomtangaza kuwa nuru ya ulimwengu. Pande zake mbili zinaning'inia herufi za Kigiriki za alfa na omega, kama taa zilizotundikwa kwa minyororo. Uso ndio unaobaki kichwani mwa aliyeuona. Ni mrefu, wenye ulinganifu kamili, nyusi na pua vimechorwa kwa mstari mmoja unaoendelea, nywele zimeshuka mabegani kwa mafungu yaliyopangwa, na macho makubwa hayamtazami mtu fulani. Mavazi yamekunjwa kwa mistari sambamba ya mwanga na kivuli, kiasi kwamba kitambaa kinaonekana kama bati lililopigwa nyundo. Mchoraji hakujaribu kuchora mtu wa kawaida. Kila mstari unasema kwamba aliyeketi pale si wa dunia hii ingawa amekanyaga juu yake.

Kumzunguka kuna malaika na alama za Wainjili wanne: malaika wa Mathayo, tai wa Yohane, simba wa Marko na ng'ombe wa Luka. Wawili wa mwisho wamewekwa ndani ya duara, na kila mmoja ana malaika pembeni aliyemshika mnyama wake, mguu kwa huyu, mkia kwa yule. Tendo hilo, la kumdaka ng'ombe mtakatifu kwa mkia, lina uchangamfu ambao picha yenyewe, kwa ukali wake, haionyeshi mahali pengine. Wachungaji waliosimama ndani ya kanisa hili bila shaka walilielewa kwa haraka.

Chini ya Kristo, kwenye ukuta ulionyooka wa apsi, wamepangwa Bikira Maria na mitume, kila mmoja chini ya tao lililochorwa na katikati ya nguzo zilizopakwa mistari ya kuiga marumaru. Majina yao yameandikwa juu yao. Maria ameshika chombo kama sahani, mkono wake ukiwa umefunikwa kwa joho, na kutoka ndani yake inapanda mishale ya mwanga mwekundu. Dirisha dogo la apsi liko katikati ya safu hiyo, chini ya miguu ya Kristo, na asubuhi mwanga halisi uliingia hapo hapo penye picha ya anayejiita nuru. Ni vigumu kuamini kwamba mchoraji hakulipanga.

Kwenye matao yaliyo mbele ya apsi kulikuwa na Mkono wa Mungu ndani ya duara, Mwanakondoo wa Ufunuo mwenye macho saba, na Lazaro maskini. Huyu wa mwisho ndiye mtu wa chini kuliko wote katika kanisa zima. Ameketi mlangoni mwa tajiri, mwili umejaa vidonda, ameegemea fimbo, na mbwa mwembamba anamlamba mguu. Katika jengo lililolipiwa kwa nyara za mabwana wa vita, mtu aliyepewa nafasi karibu na altare ni ombaomba na mbwa wake.

Karne zilizofuata hazikuliheshimu sana kanisa, na kwa kutoliheshimu zikalihifadhi. Ladha ilibadilika. Ukuta mwingi ulipigwa chokaa nyeupe juu ya picha. Mbele ya apsi ya kati iliwekwa madhabahu ndefu ya mbao yenye picha za mtindo wa Kigothi, ikaficha mitume wote na kumwacha Kristo akichungulia kwa juu. Santa Maria, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa parokia katikati ya kijiji, ilipata bahati mbaya ya kutunzwa zaidi: katika karne ya 18 ilibadilishwa kwa mtindo wa Baroko, na sura yake ya zamani ilirudishwa kwa kazi kubwa ya matengenezo karne ya 20 ilipokuwa imepita nusu. Sant Climent, iliyo pembeni, iliachwa kama ilivyokuwa. Bonde lilibaki bila barabara ya magari hadi karne ya 20 ilipokuwa imeendelea, na aliyetaka kulifikia alipanda nyumbu.

Hivyo ndivyo walivyofika watafiti wa mwaka 1907. Mbunifu majengo Lluís Domènech i Montaner alikuwa ametangulia kulizuru bonde mwaka 1904. Lakini ni msafara wa Taasisi ya Masomo ya Katalonia, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1907, ulioyatoa makanisa haya gizani. Kiongozi alikuwa Puig i Cadafalch, akiwa na padre na mwanahistoria wa sanaa Josep Gudiol, mwanasheria Guillem de Brocà, mbunifu majengo Josep Goday, na mpiga picha Adolf Mas. Picha za Mas zinaonyesha makanisa jinsi yalivyokuwa: lipu imebanduka, vumbi limejaa, na nyuma ya madhabahu uso mkubwa unatazama. Katika Erill la Vall msafara ulikuta sanamu saba za mbao za karne ya 12, zikionyesha Kristo akishushwa msalabani, ambazo baadaye ziligawanywa kati ya makumbusho mawili na hadi leo hazijakaa pamoja. Taasisi ilianza papo hapo kuchapisha kitabu kikubwa cha picha za ukutani za Katalonia, kikiwa na nakala zilizochorwa kwa mkono na kwa rangi.

Kitabu hicho kilikuwa fahari ya wasomi, na pia, bila kukusudia, kikawa orodha ya mali kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale. Sheria ya kuzuia mali kama hiyo isitoke nchini ilikuwa dhaifu, mapadre wa vijijini walikuwa maskini, na paa zao zilivuja. Mwaka 1919 tajiri mkusanyaji wa sanaa wa Barcelona, Lluís Plandiura, alinunua picha za apsi ya kanisa la Santa Maria de Mur, kusini zaidi, na kuajiri fundi Mwitalia, Franco Steffanoni, azibandue ukutani. Mwaka 1921 zilifika Boston, Marekani, katika Makumbusho ya Sanaa ya mji huo, ambako zipo hadi leo.

Halmashauri ya Makumbusho ya Barcelona ilikuwa imeshtuka mapema, tangu mwaka ule wa ununuzi. Ikisukumwa na mwanahistoria wa sanaa Joaquim Folch i Torres, ilizungumza na maaskofu na mapadre, ikanunua picha zilizobaki katika makanisa ya milimani, na kumwajiri Steffanoni yule yule, pamoja na wasaidizi wake, azibandue kwa niaba yake. Kazi ilichukua miaka ya 1919 hadi 1923.

Namna yenyewe ni ya kutisha kuisikia na ya ustadi mkubwa kuitazama. Kwanza picha husafishwa, kisha hubandikwa juu yake vitambaa vyembamba vilivyolowekwa katika gundi moto iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi ikikauka hujikunyata kwa nguvu, na nguvu hiyo inaing'oa ile ngozi nyembamba ya rangi kutoka kwenye lipu. Fundi hukata kingo kwa kisu, huanza chini, na kuvuta polepole kwenda juu, akisaidia kwa kisu pale inapogoma. Kitambaa hutoka kimebeba picha kwa nyuma, kikakunjwa kama mkeka na kutiwa ndani ya sanduku. Masanduku yalishushwa mlimani kwa nyumbu na kupelekwa Barcelona. Katika karakana, mgongo wa picha ulibandikwa kwenye turubai mpya kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, kisha vitambaa vya mbele vikaondolewa kwa maji ya moto, na uso ukaonekana tena. Mwisho turubai ilinyooshwa juu ya fremu za mbao zilizoundwa kwa kipimo na mpindo wa apsi ya asili. Apsi ya Taüll, iliyozidi mita 6 kwa kimo, ikasimama upya ndani ya ukumbi wa mjini.

Kama uamuzi huo ulikuwa wa haki ni swali ambalo bado linaulizwa bondeni. Anayeutetea ana Boston ya kuonyesha. Picha za Taüll zingeachwa mahali pake mwaka 1919, soko lilikuwa tayari limeshazipigia hodi. Anayeupinga naye ana hoja: mchoraji alichora kwa ajili ya ukuta ule, dirisha lile na urefu ule wa ukumbi, na hakuna fremu ya mbao inayoweza kubeba hayo. Kwa hali ya wakati ule, njia ya tatu haikuwapo: hapakuwa na walinzi, wala barabara, wala sheria yenye meno. Halmashauri ilifanya lililowezekana, na kanisa likalipa gharama yake. Sant Climent lilitangazwa kuwa jengo la urithi wa kitaifa mwaka 1931, wakati sehemu yake iliyokuwa maarufu kuliko zote ilishaondoka.

Mjini nako picha hazikutulia. Mwaka 1934 zilipelekwa kwenye jumba kubwa la Palau Nacional, juu ya kilima cha Montjuïc, lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya 1929. Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, zikahamishwa kwa usalama hadi mji wa Olot, na mwaka 1937 kazi za sanaa ya zama za kati za Katalonia zilionyeshwa Paris. Baada ya vita zilirudi Montjuïc, na ndipo zilipo leo, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalonia, pamoja na benchi la mbao lililochongwa kutoka Sant Climent hiyo hiyo na picha za Santa Maria: Mamajusi mbele ya Bikira na Mwana, na Daudi akimkata kichwa Goliathi.

Kanisani, apsi ilikaa tupu kwa miaka mingi. Karibu na mwaka 1960 iliwekwa nakala iliyochorwa juu ya lipu mpya, ili waumini na watalii wasikute ukuta mtupu. Wakati huo bonde lilikuwa linabadilika haraka. Mabwawa ya umeme yalileta barabara na ajira. Mwaka 1955 milima iliyo mashariki yake ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Aigüestortes. Na katika miaka ya 1980 kiwanja cha kuteleza kwenye theluji kilifunguliwa juu ya Taüll. Umaskini uliolinda makanisa ukaondoka, na kazi ya kuyalinda ikabidi ifanywe kwa makusudi. Mwaka 2000 UNESCO iliyaandika makanisa 9 ya bonde katika orodha ya Urithi wa Dunia: mawili ya Taüll, pamoja na yale ya Boí, Erill la Vall, Barruera, Cardet, Cóll, Durro, na kikanisa cha Sant Quirc kilicho juu ya Durro.

Matengenezo ya karibuni yalionyesha kwamba Steffanoni hakuondoka na kila kitu. Gundi huchukua ngozi ya juu ya picha, lakini rangi iliyonywewa ndani zaidi na chokaa hubaki. Nyuma ya nakala, na chini ya tabaka za chokaa ambazo hakuzigusa, wataalamu walikuta mabaki ya picha za asili, likiwemo tukio zima la Kaini akimuua Abeli ambalo halikuwa limejulikana. Nakala ikaondolewa. Tangu mwaka 2013 hakuna kilichopakwa tena juu ya ukuta huo: mashine za projekta zinarusha juu ya apsi halisi picha ya kazi yote, zikionyesha kwanza mabaki yalivyo, kisha mistari ya mchoraji, kisha rangi zikijaza uwanja hadi Kristo na mitume wake wakamilike mahali pao. Onyesho huchukua dakika chache. Projekta zikizimwa, kinachobaki ukutani ni vipande vya lipu ya karne ya 12, navyo ni vya asili kabisa.